Vijiji Sita kwa Kila Rangi

Asubuhi ile nilitoka nikiwa nimevaa shati nililolala nalo. Kwapani nilikuwa na bomba la bati lenye ramani ndani, na mfukoni konzi ya maharage makavu. Sikuwa na mpango. Ningeulizwa ninakwenda wapi ningejibu kazini, maana ilikuwa Jumamosi na Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Lakini nilipofika njia panda ya ofisini miguu ikapita moja kwa moja. Ikanipeleka hadi nje ya mji wa Singida, kwenye yale mawe makubwa ambako malori hupakia, nikasimama pale kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Maharage nitayaeleza. Kwanza niseme kwa nini nawaandikia.

Vijana wangu, najua kazi hii ya kupaka ramani rangi ninyi mnaifanya kwa kompyuta. Mwaka jana binti mmoja wa ofisi ya wilaya alinionyesha. Alibonyeza mara moja, wilaya nzima ikagawanyika rangi tano. Akabonyeza tena, ikagawanyika namna nyingine. Namba zilezile, vijiji vilevile.

"Babu, unapenda ipi?" akaniuliza.

Nikamwuliza, "Katika ile ya kwanza, kijiji hiki kilikuwa rangi ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Na sasa?"

"Ya pili."

"Kwa hiyo nani kahama?"

Akacheka sana. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu mwaka wa unga wa yanga, ule unga wa njano tuliokula mvua ilipotukimbia, niliwahi kukihamisha kijiji kutoka rangi ya pili kwenda ya tatu kwa penseli na rula, na watu walikuwa ndani yake.

Mimi ni mtu wa Iramba. Shule niliiacha darasa la tano. Kichwa kilikuwa kizuri, ila miguu haikutulia. Nimebeba asali Mitundu, nimefyatua matofali Issuna, nimeswaga punda wa chumvi. Popote nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakachoka, kisha nikahama. Ofisini niliingia kama kibarua wa kushika mnyororo wa wapima ardhi. Siku moja nilichungulia chumba cha ramani nikamwuliza mzee aliyeinama mezani, "Shikamoo. Hivi unajuaje kijiji kipi kipakwe rangi gani?"

"Marahaba," akasema bila kuinua kichwa. "Funga mlango. Wewe ukiwa ndani."

Huyo ndiye Mzee Ntandu, mchora ramani wetu. Alinipa jina la Kiguu na Njia, halafu likafupishwa likawa Kiguu. Nilikaa kwake miaka, mimi ambaye sikuwahi kukaa mahali miezi sita.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Makarani wanaleta orodha ya vijiji, kila kijiji na namba yake: watu, mashamba, ng'ombe. Namba ni nyingi, na mkubwa mwenye haraka hawezi kusoma zote. Kwa hiyo unazifunga katika madaraja machache, manne au matano, kila daraja rangi yake. Mkubwa anatazama ukutani, anaona palipokolea na palipofifia, anaamua. Kugawa madaraja kunaonekana ni jambo la dakika tano. Ukikosea, hata hivyo, ramani haionyeshi kosa. Inaning'inia ukutani vizuri tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu za darasa la tano. Ilikuwa ramani ya idadi ya watu. Nikachukua namba kubwa, nikatoa ndogo, nikagawa kwa tano, madaraja yakawa na upana sawa. Kumbe kulikuwa na kijiji kimoja chenye mnada na watu kama siafu, kikavuta ngazi yote juu kikiwa peke yake. Vijiji vingine karibu vyote vikaangukia daraja la chini. Mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Mipango, aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. "Kiguu," akasema, "hii ni ramani au shuka la kitanda?"

La pili lilikuwa la penseli. Kahawia iliniishia njiani nikamalizia daraja la nne kwa kijani. Mgeni mmoja akasimama mbele ya ukuta akauliza ule msitu uliota lini. Rangi za madaraja ziwe za ukoo mmoja, wanangu, zikikolea kidogo kidogo, ili jicho lipande ngazi bila kuuliza.

La tatu hata leo linanitoa jasho. Karani alishindwa kuvuka mto, akaacha nafasi ya kijiji kimoja wazi. Mimi nikaandika sifuri. Wiki mbili baadaye mzee wa makamo aliingia ofisini, kofia mkononi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mimi ni mwenyekiti wa kijiji," akasema. "Nasikia kwangu hakuna watu. Sasa nikuulize, mimi nimekuja kama nani?"

Pasipojulikana paacheni peupe, na chini mwandike kwamba hapajulikani. Sifuri ni jibu. Nafasi wazi ni swali.

Baada ya hapo ndipo Mzee Ntandu akanifundisha maharage. Alikuwa na uzi wa katani kati ya misumari miwili kwenye ukingo wa meza, na pembeni yake rula. Kila kijiji harage moja, unaliweka kwenye namba yake kando ya uzi. Ukimaliza unarudi hatua mbili unaangalia. Hapa yamesongamana kama mbuzi kivulini, hapa patupu, hapa tena kundi. "Mpaka wa daraja upitishe penye upenyo," aliniambia. "Usipitishe kisu katikati ya kundi. Waliofanana uwaache pamoja."

Nililijua hilo. Nisije nikajitetea kwamba sikulijua.

Mwaka ule wa ukame Bwana Mipango alitaka ramani ya ng'ombe kwa kila kaya. Hoja yake ilieleweka: mwenye ng'ombe atauza anunue nafaka, asiye na ng'ombe hana pa kushika. Vijiji thelathini, rangi tano. Rangi mbili za chini, zile zilizofifia, ndizo zingepelekewa unga kwanza. Tatu za juu zingesubiri. Mzee Ntandu alikuwa msibani Nduguti. Nikachora peke yangu, mara ya kwanza, na nilichora kwa maharage, nikakata penye upenyo. Bwana Mipango akakunja uso.

"Hii rangi ina vijiji tisa, hii ina vitatu. Mkutanoni wataniuliza. Gawa sawasawa."

"Sita sita?"

"Sita sita. Haki kwa wote."

Miaka ile neno sawa lilikuwa tamu mdomoni kwa kila mtu, na kwangu pia. Niliamini kabisa kwamba vijiji sita kwa kila rangi ndio usawa wenyewe. Nikapanga orodha kuanzia kijiji chenye ng'ombe wachache, nikahesabu sita, nikapiga mstari, nikahesabu sita tena. Ramani ikapendeza, sitaki kuficha. Ijumaa mchana Bwana Mipango akaondoka na nakala kwenda kwenye mkutano wa Jumatatu, akinipigapiga begani.

Ijumaa hiyohiyo jioni Mzee Ntandu alirudi. Vumbi la safari likiwa bado kwenye kope, alisimama mbele ya nakala iliyobaki ukutani akapitisha ukucha juu ya orodha. Ukasimama kati ya kijiji cha kumi na mbili na cha kumi na tatu.

"Hapa umekata nini?"

"Sita sita, Mzee. Mkubwa kasema…"

"Sikukuuliza ngapi. Nimekuuliza umekata nini."

Akafungua mtoto wa meza, akanitia maharage kiganjani. "Panga."

Nikapanga, ingawa nilikuwa najua nitakachokiona. Kati ya tatu na nne palikuwa na kundi la maharage saba yakigusana. Mbele yake patupu mpaka kwenye sita. Mstari wangu ulikuwa umepita katikati ya kundi: manne upande wa unga, matatu upande wa kusubiri. La kwanza kati ya hayo matatu lilikuwa kijiji cha Unyankindi.

"Huyu ana tatu na robo, anapata," akasema Mzee. "Huyu ana tatu na nusu, anakosa. Tofauti ni robo ya ng'ombe. Robo ya ng'ombe ni mguu mmoja, Kiguu. Umewanyima watu chakula kwa mguu mmoja wa ng'ombe."

Hakupaza sauti. Alivaa kofia akaenda kulala, na mimi nikayazoa maharage nikayatia mfukoni kwa sababu sikujua niyafanye nini. Nakala ya ukutani nayo nikaibandua nikaitia kwenye bomba. Ndiyo maana asubuhi nilikuwa navyo vyote viwili.

Lori lililosimama lilikuwa limepakia mabati ya shule. Dereva, mtu mnene aitwaye Selemani, alinitazama kutoka juu.

"Unakwenda wapi?"

"Wewe unakwenda wapi?"

"Unyankindi. Nashusha mabati, jioni narudi."

Nikalibana bomba kwapani. "Basi na mimi huko huko."

"Ningesema Kigoma je?"

"Ningefikiri kwanza."

Akacheka, akanifungulia mlango. Tulipotoka kwenye mawe akalionyesha lile bomba la bati kwa kidevu. "Hiyo bunduki?"

"Ramani."

"Heri ingekuwa bunduki. Ramani ya mwisho kufika kwetu ilimhamisha mama yangu na kuku wake wote. Hii inahamisha nani?"

Nilikuwa nimeinamia dirisha natafuta ng'ombe. Nawaambia ukweli wa moyo wangu siku ile: nilikuwa naomba niwaone wengi. Nilitaka nikute zizi limejaa, watu wameshiba, nirudi jioni nikamwambie Mzee Ntandu kwamba robo ile haikumuumiza mtu. Kila tulipopita shamba la uwele lililokauka likiwa limefika magotini tu, nilijiambia huku bado si Unyankindi.

Tulifika jua likiwa utosini. Nyumba za tembe zilikuwa zimepangwa kwa safu, mpya, udongo wa paa haujashika vizuri. Na nyuma yake nikaona mazizi, na ndani ya mazizi ng'ombe. Wengi! Wamekonda, mbavu unazihesabu, lakini wengi. Niliteremka karibu niimbe.

Chini ya ukuta wa nyumba ya kwanza alikaa mzee akichonga mpini, mkewe akipepeta kitu kwenye ungo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Alikuwa Balozi Mkhandi, balozi wa nyumba kumi za mwanzo. Nikajitambulisha kwamba nimetoka ofisini kuhakikisha idadi ya ng'ombe.

"Karani alishakuja," akasema. "Kijana mzuri. Alipita zizi kwa zizi, akahesabu mpaka ndama. Hakukosea hata mmoja."

"Kwa hiyo katika nyumba kumi hizi…"

"Thelathini na tano."

Tatu na nusu kwa kila nyumba, sawasawa kabisa na orodha yangu. Nikapumua. Ndipo nikamsikia mkewe akiongea peke yake kwa Kinyaturu, halafu akageukia upande wangu kwa Kiswahili.

"Mwulize ni wa nani."

"Ni wa nani, Mama?"

Yule mama akaweka ungo chini. "Yule mwekundu ni wa shemeji yangu wa Issuna. Wale wanne ni wa rafiki yake huyu mzee. Wale wenye mabaka, wote, ni wa mtu aliyehamishiwa kijiji kisicho na majani, akatuwekesha. Wetu ni yule mmoja anayechechemea."

Mimi ni mtu wa Iramba, na kuwekesha ng'ombe nakujua tangu nikiwa mtoto. Huwaweki ng'ombe wako wote zizi moja. Unampa huyu wawili, yule watatu, ili ugonjwa au ukame usikumalize kwa siku moja. Anayewatunza hauzi wala hachinji bila wewe. Nilikuwa nimekunywa maziwa ya ng'ombe wa watu utoto wangu wote! Na bado, nilipopewa orodha yenye namba, sikuuliza swali alilouliza mama yule akiwa ameshika ungo. Niliuliza maswali kila mahali isipokuwa pale.

"Anayetunza anapata nini?" nikauliza, ingawa nilijua, labda kwa kutumaini.

Balozi alijibu bila kuacha kuchonga. "Maziwa na samadi. Maziwa yamekauka. Samadi hailiwi."

Mkewe akaninyooshea ungo nione. Mlenda mkavu uliosagika, vumbi la kijani, na mbegu za majani nisizozijua. "Hiki ndicho cha leo," akasema. "Sasa unga wenyewe lini? Tumesikia unakuja."

Hapo nikatamani ardhi inimeze. Nikatoa ramani kwenye bomba, nikaitandaza chini, nikaizuia kwa mawe manne. Niliwaonyesha Unyankindi, rangi ya tatu, kahawia ya kati. Nikawaambia rangi ya tatu inasubiri, na kwamba aliyeipaka ni mimi.

Balozi aliinama akaitazama kwa muda mrefu. "Imechorwa vizuri," akasema. "Sisi hapa ndio tumeshiba?"

"Ndiyo."

"Mama Elizabeti, umesikia? Tumeshiba."

"Mimi nilikuwa sijajua," mkewe akasema. "Ningeacha kupepeta."

Walicheka wote wawili. Mimi nilitamani wanitukane.

Selemani alikuwa bado anashusha mabati. Nilikuwa na saa mbili, pengine chini ya hapo. Nilimwomba Balozi tupite nyumba zake kumi tena, na safari hii kila ng'ombe nikawa naandika jina la mwenyewe na anakoishi. Kati ya wale thelathini na tano, wa kwao walikuwa tisa. Hata moja kwa kila nyumba haifiki. Wengine wote kalamu ya karani iliwahesabu sawa, na kwangu mimi wakawa uongo. Shikeni hilo hata msiposhika lingine: mnaweza kukata madaraja kwa ustadi wote, lakini kama hamjui namba ilihesabiwaje mlangoni, mnapaka rangi juu ya kitu msichokijua.

Nikaandika barua nyuma ya ramani yenyewe, maana karatasi nyingine sikuwa nayo. Nikamweleza Mzee Ntandu kundi la maharage saba lisikatwe, vile vijiji vitatu virudi upande wa wenzao, na Unyankindi ng'ombe wake si wake. Namba tisa nikaiandika mara mbili, asije akadhani nimekosea.

Selemani alikwisha kuwasha injini. Nikampa bomba, nikamtajia nyumba ya Mzee, nikaweka mguu kwenye ngazi nipande. Balozi akanishika mkono wa shati.

"Karatasi itakwenda. Wewe unakwenda wapi?"

"Nikaseme mwenyewe."

"Umehesabu nyumba kumi. Unyankindi ina nyumba mia na ishirini. Huko watauliza zilizobaki, utasema nini?"

Selemani aliinama dirishani. "Wewe, unapanda au napeleka barua?"

Nilitazama lori, nikatazama zile safu za tembe. Maisha yangu yote, kilichokuwa kinaondoka ndicho nilichopanda. Nikateremsha mguu.

"Peleka," nikasema.

Lori likaondoka na vumbi lake, na hofu yangu ikabaki nami. Sikujua wakati ule kwamba Mzee Ntandu angeikwangua rangi yangu kwa wembe kwenye ramani ya asili Jumapili nzima, akapanda basi na nakala mpya chini ya koti, akamkuta Bwana Mipango mlangoni mwa mkutano. Wala sikujua kwamba lori la unga lingefika pale siku ya tisa, na kwamba Bwana Mipango angeninyima salamu mwezi mzima bila kunifukuza. Nilichojua ni kwamba nimesimama kijijini kwa watu, bila nguo ya kubadilisha, nikiwa na penseli moja.

"Una ndugu huku?" Balozi akauliza.

"Sina."

"Basi kwa mgeni asiye na ndugu, balozi ndiye nduguye. Utalala chumba cha ndama. Ndama wamekufa, kuna nafasi."

Mama Elizabeti alifagia chumba, akatandika ngozi, akauliza nimebeba nini mfukoni kinachogongana vile. Nikatoa maharage. Akayapokea kwa viganja viwili akayahesabu kwa macho.

"Thelathini," nikamwambia. "Ni vijiji."

"Leo ni mboga," akasema, akayatia chunguni pamoja na mlenda wake.

Balozi akaleta daftari la wageni, maana mgeni hakulala kijijini bila kuandikwa. Akaandika jina langu taratibu, akaandika ninakotoka, akaandika kazi yangu: kupaka rangi. Akafika kwenye safu ya muda wa kukaa, akainua kalamu.

"Siku ngapi?"

Nikamwambia sijui.

Akafikiri kidogo, akaandika, akanigeuzia daftari nisome kama ni sawa. Palikuwa pameandikwa: mpaka unga ufike.

Nikatia sahihi.